Soksi Iliyoshonwa Mguuni

Nilipokuwa mtoto, baridi ya Iringa iliingilia visiginoni. Mwezi wa sita sakafu ya nyumba yetu ya Kihesa ilikuwa haikanyagiki, na dawa yake ilikuwa soksi za Bibi, mama yake mama. Alinunua sweta kuukuu za mitumba, akazifumua, akauzungusha uzi kwenye magoti yangu, kisha akafuma kwa sindano zilizochongwa kutoka spoki za baiskeli. Soksi iliyotoboka aliitia balbu iliyoungua, kisigino kikatuna vizuri, akapitisha uzi juu na chini mpaka tundu likasahaulika. Aliniita mke mwenzangu, akanitania kwamba babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, angenirudisha kwetu kwa kutojua kufuma.

Sharti lake lilikuwa moja: nguo haishonwi ikiwa mwilini. "Anayeshonewa akiwa amevaa ni maiti," alisema, "na maiti harudi." Ikibidi, mwenye nguo ang'ate uzi mpaka mshono uishe, maana maiti hang'ati kitu. Kwetu jambo hilo lilikuwa la kawaida kama kufunga mlango. Mara nyingi nilikwenda shule na ladha ya sweta mdomoni, kwa sababu ya kifungo kilichong'oka dakika ya mwisho.

Nikiwa darasa la pili, mama aliamua kwenda Mbeya. Rafiki yake alimpatia nafasi ya kuuza nguo sokoni. Angetafuta chumba, shule zikifungwa aje kunichukua. Baba sikuwahi kumjua, na sikutaka kitu kingine duniani ila mama arudi kama alivyosema.

Asubuhi ya safari aliona tundu kwenye soksi akiwa tayari amevaa. Aliketi kitandani, akakunja mguu, akaanza kulishona hapo hapo. Bibi aliingia na kikombe cha uji.

"Wewe! Vua hiyo."

"Mama, basi haliningoji."

"Basi ng'ata uzi."

"Nikiwa na uzi mdomoni nitawaaga vipi?" Mama alicheka.

Bibi hakucheka. "Unaishona njia yako ya kurudi, mwanangu."

Mama alikata uzi kwa meno, akavaa kiatu, akanikumbatia. Uji ulibaki kikombeni.

Shule zilifungwa, hakuja. Zilikuja salamu, gauni, na biskuti zilizovunjikia njiani. Siku moja jirani yetu mmoja alisimama uani akasema, "Dada, mwambie mtoto ukweli. Mama yake amepata mume huko."

"Ni ile sindano," Bibi alijibu.

"Sindano gani tena?"

"Nenda kaangalie ugali wako, unaungua." Jirani alipoondoka, Bibi alinigeukia. "Mama yako hana kosa, mke mwenzangu. Ni sindano."

Nilimwamini kabisa. Mama alipokuja hatimaye, akiwa na mtoto mgongoni, alikaa siku mbili, kwenye ncha ya kiti kama mgeni, akauliza vikombe vinawekwa wapi. Nilimfuata jikoni nikamwomba zile soksi.

"Za nini?"

"Nifumue ule mshono. Ndiyo utaweza kurudi."

"Zilishaisha, mwanangu. Zamani." Aliinama juu ya moto akaupuliza, ingawa ulikuwa unawaka.

Nimesoma mengi tangu wakati huo. Nimejua kwamba hata watu wa mbali wana miiko inayofanana na huo, na kwamba wasomi huieleza kwa hofu ya sanda. Siwapingi. Lakini nikimkumbuka Bibi, sidhani kwamba alikuwa akinifundisha kuogopa sindano. Aliamini, ndiyo, na pia alijua vizuri kuhusu yule mume wa Mbeya. Alijua kwamba mtoto aliyeachwa hutafuta wa kumlaumu, akaniwekea sindano mbele, isiyoumia ikichukiwa. Miaka yote niliyokaa naye sikumsikia akimsema mama vibaya hata mara moja. Hivyo niliweza kumngoja bila kumchukia.

Bibi hayupo tena. Mwaka jana nilikwenda Mbeya, nikaketi sebuleni kwa mama, mvi zimemjaa, nikamuuliza lile swali nililokuwa nalo tangu utotoni: kama alitaka kurudi.

"Mwaka wa kwanza, kila siku," alisema. "Halafu nikaanza kukuonea aibu. Na aibu, mwanangu, kila ukichelewa inaongezeka. Mwishowe inakuwa kubwa kuliko safari yenyewe."

Alinyanyuka, akaniletea chai, amenitilia sukari nyingi, jinsi nilivyoipenda nikiwa darasa la pili. Nimeacha sukari siku nyingi. Niliinywa yote.