Konzi za Fundi

Fundi wa mashua pale karakanani ni mama wa makamo asiyeongea sana na wenye mashua. Yeye huongea na mbao. Huzunguka chombo akikigonga kwa konzi, ametega sikio, na njiti ya kiberiti ikihama mdomoni kutoka shavu hili hadi lile. Mashua yangu ndogo nilikuwa nimeipaka rangi ya buluu mikono mitatu, pamoja na mbu walionasa humo, tayari kumtembeza mke wangu baharini msimu ukifunguka. Fundi aligonga, akasita, akagonga tena, kisha akaingiza bisibisi. Ikazama hadi kwenye mpini, kama imechoma papai bivu.

“Mkeo anajua kuogelea, baba?”

“Hajui, mama.”

“Na wewe?”

Nikatazama viatu vyangu. Hakucheka. Alinipa patasi, akapiga magoti kando yangu, tukaanza kuikwangua ile rangi yangu. Mwenye mashua ya jirani akapita akashangaa: “Vipi tena? Si ilikuwa tayari?”

“Tumegundua ubao umeoza,” fundi akajibu bila kuinua macho.

Tumegundua! Nami, bingwa wa kupaka mbu rangi, nikaitikia kwa kichwa, uso mzito, kama fundi mwenzake.