Hodhan, aliyeifundisha ngoma kunyamaza

Nimeisoma meseji mara nne na kichwa bado kinakataa. Hodhan ameondoka. Binti yake Ifrah aliniandikia asubuhi; kufikia adhuhuri walikuwa wameshamzika Garissa, na mimi niko huku Makueni nimekaa kwenye ngazi, simu mkononi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Wengi wenu hamkumjua. Acha niwaambie basi, maana nikianza kulia sitamaliza, na yeye hakupenda watu wa kulialia.

Miaka ya tisini tulifanya kazi ofisi moja ya misaada pale Garissa. Yeye secretary, mimi dereva wa gari la vipaza sauti. Msichana wa mtaa wa Waberi, buibui jeusi, vidole vikigonga keyboard kama mvua juu ya mabati.

Jamaa mmoja wa IT kutoka Nairobi alikuwa ameacha programu ya muziki kwenye kompyuta yake. Lunch break sisi tunakula, yeye amevaa headphone anatazama sauti zikipita kwenye screen kama vilima. "Kioko, kuja! Hii ni wewe ukikohoa!" Kumbe alikuwa amenirekodi. Wallahi yule dada!

Halafu ikaja mvua ile kubwa. Mto Tana ukapanda, barabara zikakatika. Boss akataka tangazo haraka: watu wa kando ya mto wahamie juu pamoja na mifugo yao, na maji ya kunywa wayachemshe.

Tatizo ni kwamba gari likipita na maneno matupu, watu walidhani ni serikali inatafuta mtu. Wanajifungia ndani. Kwa hiyo Hodhan akaongeza ngoma. Na ngoma yenyewe jamani! Alipiga jerikeni tupu kwa viganja vyake, akalirekodi, akalifanya lijirudie kwenye kompyuta chini ya sauti yake ya Kisomali. Tukatoa kaseti.

Tukazunguka nayo sokoni. Watoto wanacheza, akina mama wanapiga makofi, mimi nyuma ya usukani najiona celebrity. Mara ayeeyo mmoja, bibi mzee kabisa, akagonga kioo cha gari.

"Kijana, nyinyi nauza soda?"

Soda! Hakuwa amesikia hata neno moja kuhusu mto. Ngoma ilikuwa imemeza kila kitu.

Boss akawaka. "Toa muziki. Soma script tu."

Hodhan akasimama mbele ya meza yake. "Boss, ukitoa muziki hawatakuja. Ukiacha hivi hawatasikia. Nipe mpaka saa nane."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kesho yake tulitakiwa kwenda Balambala, na huko abti wake, yaani mjomba wake, alikuwa na shamba chini kabisa, karibu na maji. Ndiyo maana hata lunch hakuenda.

Programu ile haikuwa na kitufe cha kumsaidia. Akachora mwenyewe kwa mouse. Kila mahali anapotamka neno, mstari wa sauti ya ngoma unashuka. Anapovuta pumzi, unapanda tena. "Hapa bunguza. Hapa rudisha. Hapa bunguza." P yake ilikuwa b, na mimi mpaka leo nikiwa peke yangu kwenye gari nasema bunguza.

Kila akibadilisha kidogo, kompyuta inawaza, feni inanguruma. Mimi nimesimama nyuma yake, chai imepoa mkononi.

Akabonyeza play.

Weh! Ngoma ilikuwa inainama kumpisha aongee, kisha inarudi nyuma yake kwa adabu! Nilipiga kelele mpaka mhasibu akatoka mbio akidhani kuna nyoka.

"Bado muziki inalala," Hodhan akasema.

Akachukua humo kwenye programu noti moja ndefu ya kinanda, inayolia bila kupumua, akaikatakata kwa mwendo wa lile jerikeni. Inafunguka, inafunga, inafunguka. Noti iliyokuwa imelala ikaanza kutembea. Nawaambia ilitembea kama ngamia aliyenusa maji!

Vijana wa studio, ndiyo hayo mnayaita sidechain, ngoma kuipisha sauti, na gate, noti kukatwakatwa. Leo mnabonyeza tu. Huyu mama alichora pigo moja moja kwa mkono, ndani ya masaa manne, na njaa.

Balambala tulifika na matope mpaka milangoni. Nikawasha. Watoto wakaja kwanza, kama kawaida. Kisha sauti yake ikapanda juu ya ngoma, safi, na watu wazima wakaacha kuongea. Mzee mmoja akaniashiria nirudie. Nikarudia.

Abti wake akasogea dirishani alipokaa Hodhan, macho yamemtoka. "Hodhan! Ni wewe unaongea ndani ya gari?"

"Ni mimi, abti. Nimesema nini?"

Akalisema tangazo lote, neno kwa neno, mpaka lile la kuchemsha maji. Halafu hakuaga. Aligeuka akaenda akiita wanawe na mbuzi wake kwa majina.

Siku mbili baadaye mto ulichukua yale mashamba yote. Mahindi, migomba, kila kitu. Abti alipoteza shamba. Lakini watu walikuwa juu, na mbuzi wao.

Habari ilitufikia kwa radio call. Hodhan alikaa sakafuni pale pale, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akafuta uso na buibui, akaniuliza: "Kioko, ukweli. Ile kinanda haikuwa juu kidogo?"

Haikuwa juu, dada. Ilikuwa sawasawa. Sikukujibu siku ile kwa sababu na mimi nilikuwa nalia, nikajifanya natafuta funguo za gari.

Pumzika, walaal, dada yangu. Mola akupanulie kaburi lako, akupe Firdaus. Ulale salama, Hodhan wetu.