Kifaru Kilichooshwa Jumamosi

Nilipostaafu ufundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai, majirani hapa Roret walitarajia ninunue ng'ombe. Nikanunua kifaru cha vita cha plastiki, vipande mia na ushei ndani ya boksi, vya kukata na kugundisha hadi upate kifaru kinachoenea kiganjani. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu.

Nilikuwa na sababu. Baba yake mama alikwenda Vita vya Pili vya Dunia, na tangu utotoni nilijua, sijui kutoka kwa nani, kwamba aliendesha kifaru chepesi. Niliwaringia wenzangu shuleni. Vifaru vile vilikuwa vidogo, vya mbio, watu wawili watatu ndani, kazi yao kutangulia na kupeleleza njia. Chuma chao kilikuwa chembamba. Mbele ya mzinga wa maana havikupishana sana na debe. Kadiri nilivyosoma habari zao ndivyo nilivyozidi kumpenda babu ambaye sikuwahi kumwona.

Mama sasa ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha, na daktari alituambia la pili halitafika mbali. Nilitaka akione kifaru cha baba yake kabla halijazima.

Kukiunga kulinichukua wiki mbili. Kukichafua, wiki tatu. Kifaru cha vita kisicho na matope ni uongo. Nilichota udongo mwekundu wa barabarani, nikauchekecha kwa chujio la chai, nikauchanganya na gundi ya maji, nikaupaka kwenye minyororo ya magurudumu kwa njiti ya kiberiti. Kutu niliifanya kwa chai ya rangi iliyokolea. Nikakiweka juu ya kabati la vikombe, nikaenda Kaplong kumchukua mama.

Sasa, Jumamosi kwetu nyumba husuguliwa mpaka miguu ya viti, maana Jumapili akina mama wa kanisa huja kwa maombi. Tuliporudi, kifaru kilikuwa juu ya kitambaa cheupe, kinang'aa kijani kitupu.

"Nilikuta iko na matope mingi," mke wangu alisema. "Nikaiosha na sabuni na mswaki. Wageni wangesema nini?"

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mama akanyoosha mikono.

"Lete hiyo kitu nione."

Alikisogeza hadi kwenye jicho lake, pua ikagusa mzinga. Kisha akapitisha kidole kwenye minyororo, pengo kwa pengo, jinsi anavyokagua sufuria iliyooshwa na mtu mwingine.

"Imeoshwa vizuri," alisema. "Baba angefurahi."

"Mama, kwa vita ilikuwa chafu. Babu alikuwa anaendesha kwa matope."

"Nani alikuambia aliendesha? Baba yangu alikuwa anaosha. Ikirudi jioni, anapewa ndoo na brashi. Alikuwa anasema hakuna mtu alijua kutoa matope kama yeye."

Nilijiona mjinga, mzee mzima na majigambo ya darasa la tatu. Lakini pia nilimwona babu kwa mara ya kwanza, amechuchumaa na ndoo yake, nikampenda kuliko yule dereva wangu wa kubuni.

Mama alikuwa bado anapapasa. Akamgeukia mke wangu.

"Hapa chini umeacha kidogo."

Mswaki niliuleta mimi, na beseni la maji.