Ukungu Mwekundu wa Nadra

Mji Mkongwe hakuna asiyegombana na ukungu. Unakula kuta, unakula viatu, unakula hata nguo za sikukuu kabatini. Nadra amezaliwa na kulelewa humo, na leo ndiye anayeufuga. Kazi yake katika maabara moja ndogo ya Mpendae ni kuuotesha juu ya wali ndani ya chupa, kisha kuukamua maji yanayotafutiwa dawa ya vidonda visivyopona. Akiulizwa anafanya kazi gani hujibu kuwa ni mfugaji. Akiulizwa anafuga nini, hucheka akaenda zake.

Kipenzi chake ni ukungu mwekundu alioutoa mwenyewe kwenye gogo la mkoko lililooza kule Uroa. Maji yake yaliua vijidudu vya usaha kuliko ya ukungu mwengine wowote. Basi kiyoyozi cha maabara kikaharibika, joto likaua mbegu zote, ikabaki chupa moja. Nadra akaichukua hadi kwa mumewe, Kikwajuni, akaitia kwenye friji nyuma ya mtindi, wala hakumwambia mtu.

Hapo ndipo alipokosea. Idi ilikuwa inabisha hodi, na mkwewe, Bi Sumaiya, alikuwa anasafisha nyumba. Nadra aliporudi kutoka kazini aliikuta chupa inang'aa, imejaa achari ya ndimu.

"Mama, humu mlikuwa na wali."

"Ulishaoza, mwanangu, mwekundu kama mate ya tambuu. Chupa nshaikosha."

Nadra alikaa chini papo hapo jikoni, machozi yakamtoka. Hakuna ukungu mwengine kama ule popote.

"Umeutupa wapi, mama?"

Bi Sumaiya alikasirika kweli. "Nitupe wali, miye? Neema ya Mungu niitie jaani? Nimewawekea kunguru, uani, juu ya ukuta."

Nadra alitoka mbio. Kunguru wale wale wanaoiba hata sabuni walikuwa wamejipanga ukingoni, wanautazama wali kwa mbali. Hakuna aliyethubutu kuudonoa, na bonge lote lilikuwa zima. Alilitia kwenye bakuli safi, akamweleza mkwewe kuwa huyo ndiye mfugo wake, akarudi nalo Mpendae, ambako kiyoyozi kilishatengenezwa, akalipasua, akachokoa moyo wake kwa sindano iliyopitishwa motoni na kuupanda upya.

Idi ile alitembelea jamaa roho juu, akila halua bila kuisikia ladha. Sikukuu ilipokwisha alifungua kabati la maabara. Nyuzi nyekundu zilikuwa zimetambaa, safi, hazikuchanganyika na kitu. Alisujudu pale pale sakafuni kumshukuru Mungu, kisha akampigia simu mkwewe.

"Yuhai, mama."

"Alhamdulillahi. Anakula?"

"Anakula. Wali mtupu, hauna nazi wala chumvi."

"Masikini," alisema Bi Sumaiya. "Na Idi yote hii?"