Besi Katika Amplifaya ya Mzee Lali

Naikumbuka alasiri moja ya kisiwani Chovae, mwanangu, wala si kwa kuipenda. Ingekuwa hiari yangu ningekumbuka nyingine, maana Chovae nilikuwa na alasiri nyingi nzuri. Lakini juzi nilikuona umepanga visanduku vyako vya kukanyaga kwa mguu, hizo pedali, sita kwa hesabu yangu, na gitaa la besi mapajani, unajiandaa kwa arusi ya Jumamosi. Nikacheka, maana nilijiona mimi. Kisha kicheko kikanikatika. Basi keti kidogo, hizo nyaya hazitakimbia.

Vita vilipoingia Kismayo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nikipiga besi katika bendi ndogo ya arusi, na usinione hivi na mvi zangu, nilikuwa kijana wa kujitazama kwenye kioo cha kila duka. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Lali, mtu wa kisiwa cha Kudhaa, fundi wa kuunda mashua siku za kazi na mpiga gitaa siku za arusi. Risasi zilipozidi tukakimbia. Wengine walibeba magodoro, wengine cherehani. Mzee Lali alibeba gitaa na amplifaya yake, mimi nikabeba besi. Tulifikia Chovae kwa jamaa za mama yangu, na watu wale, Mungu awalipe, hawakutuuliza hata siku moja tutakaa mpaka lini.

Mzee Lali alifika na roho nusu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Khadija, aliyeolewa Kismayo upande wa pili wa mji. Siku ya kukimbia kila mtu aliingia chombo kilichokuwa mbele yake, na tangu hapo Khadija hakusikika. Vyombo vilivyotoka Kismayo vilipita Chovae kuchukua maji ya kunywa, kisha vikaendelea Kenya. Kila nahodha alimwambia Mzee Lali apande. Jibu lake lilikuwa moja, kwa lahaja yetu ya visiwani: "Sitoki hapa mpaka niyue mwanangu yu hai, au nimsomee hitima."

Usishangae nikikwambia arusi ziliendelea. Watu waliendelea kuoana, pengine hata kwa haraka zaidi. Ada yetu unaijua: wanaomtunza bibi arusi kwa fedha hutajwa kwenye maiki, jina na mji wake. Lakini wakati ule nani alikuwa na cha kutunza? Basi Bi Mwanaamina, mshika maiki wetu, mwanamke mkali asiyeogopa mtu, akaigeuza ada. Badala ya kuwataja waliotunza, aliwaita wageni walioshuka kwenye vyombo siku ile, kila mmoja ashike maiki ataje aliowaacha hai na aliowazika. Watu walikuja arusini kula wali, wakaondoka na habari ya ndugu zao. Mzee Lali hakukosa arusi hata moja. Wengine walidhani ni mapenzi ya muziki, kumbe alikuwa akingoja jina moja.

Sasa nikueleze ile amplifaya, maana hapo ndipo penye maneno. Ilikuwa ya gitaa, ndogo, spika yake ya karatasi nyepesi, na ilikuwa na matundu mawili tu. Gitaa la Mzee Lali tundu moja, besi yangu tundu la pili. Bi Mwanaamina alipotaka kusema, Mzee Lali alichomoa gitaa lake akaichomeka maiki, mimi nikabaki na besi peke yangu, nishikilie wimbo kwa chini ili waimbaji wasiupoteze. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Na Mzee Lali alinifunza vizuri: punguza besi kwenye amplifaya, sauti isipite nusu, piga kwa nyama ya kidole gumba, usipige kwa ukucha. "Nyumba hii ni ya gitaa," alisema. "Wewe ni mgeni humu. Kaa kigeni-geni, utakaa sana."

Lakini mpiga besi, mwanangu, wewe mwenyewe wajua, ni kama chumvi. Hutajwa siku ikikosekana. Wasichana walimtazama mwenye gitaa, na mwenye gitaa alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu! Roho iliniuma. Na nilikuwa na pedali moja, niliyoachiwa Kismayo na mpiga gitaa aliyekimbilia ng'ambo, ya kuifanya sauti ikwaruze na kunguruma. Kibetri chake kilikuwa kimechoka, nikawa nakianika juani kila asubuhi kipate nguvu. Nilikianika wiki nzima kwa ajili ya arusi ile.

Mzee Lali aliiona pedali nilipokuwa nikiunga nyaya. "Hiyo si ya spika hii," akaniambia. Nikajibu, "Sawa, mzee," nikaisogeza nyuma ya kiti, pale ambapo mguu wangu ungeifikia na jicho lake lisiifikie. Ngoma ikilia sana hupasuka, methali hiyo niliijua tangu utotoni. Nilidhani yasema juu ya ngoma.

Baada ya sala ya alasiri arusi ikashika moto. Jenereta ya mwenye duka ilikuwa ikitetemeka nyuma ya uzio, wanawake wamejipanga, vyombo vitatu vimetia nanga asubuhi ile na wageni wamejaa. Bi Mwanaamina akaomba maiki. Mzee Lali akachomoa gitaa lake, akasimama kando, mikono nyuma, kichwa kakiinamisha, kama alivyofanya kila mara. Wa kwanza akasema, wa pili akasema. Wa tatu alikuwa msichana mwembamba, Zainabu jina lake, uso umeungua kwa jua la safari, sauti yake ndogo sana.

Hapo ndipo dada wa bibi arusi alipogeuka akanitazama. Sitaki kukudanganya kwamba shetani alinishika mkono. Nilitaka mwenyewe. Nikakanyaga pedali, na mkono nikaupeleka kwenye kitufe cha sauti nikakizungusha hadi mwisho. Besi ikanguruma, vijana wakapiga vigelegele vya mzaha, na mimi, mwanangu, nikafurahi. Furaha ile bado naijua ladha yake. Niliona midomo ya Zainabu inakwenda, wala sikujali inasema nini.

Kisha spika ikapasuka. Ilitoa mkwaruzo mbaya, ikaanza kutapika kelele tupu, na harufu ya kuungua ikatoka. Mzee Lali akapiga magoti nyuma ya amplifaya kuchomoa waya. Kelele zilipokatika, Zainabu alikuwa amekwisha kusema. Alirudisha maiki kwa adabu, akaitwa na nahodha wake, maana maji ya bahari yalikuwa yakitoka na chombo kingekwama. Akashuka pwani na wenzake.

Shangazi wa bibi arusi, aliyekuwa mbele kabisa, akasema, "Lali, yule mwana kakutaya. Nimesikia 'Khadija binti Lali wa Kudhaa', kisha sikusikia tena."

Sijawahi kumwona mzee akikimbia vile. Tulimfuata mbio mpaka majini. Chombo kilikuwa kimekwisha kuvuka mlango wa mwamba, injini imewaka. Mzee Lali akavua kilemba akakipunga juu, akaita mpaka sauti ikamkauka. Na wale wa chomboni wakampungia mikono. Walidhani anawaaga.

Tuliporudi, Bi Mwanaamina alikuwa ananingoja katikati ya uwanja, mbele ya kila mtu. "Wewe kiyana! Mchu atoa habari za wachu, nawe wanguruma? Haya, mwambie Lali: mwanawe yu hai au kafa? Mwambie! Si wewe uliyekuwa na sauti kubwa kuliko sote?" Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Lali ndiye aliyenikinga. "Mwacheni," akasema. "Yeye alikuwa akipiga. Mimi nalikuwa nikisikiliza." Maneno hayo mawili yaliniumiza kuliko makaripio yote ya Bi Mwanaamina, na alijua yataniumiza.

Wiki ile aliishona spika kwa vipande vya chandarua na gundi, mimi nikimshikia kingo. Kabla ya siku ile alikuwa hajui kitu, na mtu asiyejua huweza kungoja kwa subira. Sasa alikuwa na nusu ya sentensi. Usiku hakulala na mchana hakula, na nahodha akimwambia apande alikuwa mkali, kwani ikiwa Khadija yu njiani kuja Chovae je? Nikamwambia nitakwenda Kenya kumtafuta Zainabu. Akanipa amplifaya niende nayo. "Huku itaibiwa," akasema, na gitaa akabaki nalo.

Miezi mitatu nilizunguka kambi ya wakimbizi ya Mombasa nikiuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kunachosha. Nilimpata kwenye foleni ya maji, amekalia mtungi wa plastiki. Nilipomwambia nilichotaka, alistaajabu.

"Kwani hamkunisikia? Nalisema Khadija binti Lali wa Kudhaa yu hai, katangulia Kenya na watoto wake, yuko Malindi. Asema babake asimngoye, atoke huko upesi."

Asimngoje. Nilikaa chini pale pale kwenye matope ya bomba, na foleni ikanipita.

Nilikwenda Malindi nikampata Khadija, na kwa nahodha wa kwanza aliyerudi kaskazini nikatuma neno. Lakini wenye bunduki walifika Chovae kabla ya neno langu. Walichukua nyavu, wakachukua injini za mashua. Mzee Lali walimkuta na gitaa, akaling'ang'ania. Mmoja akauvunja mkono wake wa kushoto kwa kitako cha bunduki. Alifika Mombasa mkono umefungwa kwa kipande cha leso, Khadija aliyekuja kutoka Malindi akampokea kwa kilio, nami nikasimama mbali, sina uso wa kusogea. Vidole vitatu havikukunjika tena mpaka anakufa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu hili hapa, zima. Kilichovunjika ni mkono wa mwenzangu.

Nilimweleza yote, sikuficha hata yule dada wa bibi arusi. "Spika naliishona," akasema. "Mkono huu haushoneki. Lakini wewe bado una mikono yako miwili, basi piga, na upige vizuri." Tangu siku hiyo hadi kufa kwake, kila arusi niliyopiga aliketi kando ya amplifaya. Hakunikumbusha kitu. Ila maiki ilipochomekwa, aliinamisha macho akautazama mguu wangu.

Sasa nakwambia ninachotaka kukwambia, mwanangu. Pedali zako si haramu, piga nazo, mimi mwenyewe napenda ile yako ya mwangwi. Lakini jua chombo unachopigia. Ukipitisha besi katika amplifaya ya gitaa, punguza, lainisha, jaribu mapema kabla wageni hawajafika, wala usiishindanishe na nguvu isiyo nayo. Mkubwa wako akikwambia kitu hiki si cha hapa, usiseme "sawa" kisha ukakisogeza nyuma ya kiti. Na mtu akishika maiki, ondoa mguu kabisa, uweke pale unapoonekana. Hujui ana neno la nani. Hata yeye pengine hajui, na walio mbele yake hawajui ni nani kati yao aliyelingoja miaka. Usiogope kutosikika. Mimi nilisikika mara moja tu, na hadi leo natamani ningekuwa bubu.

Jumamosi, jua likiwa bado juu, atashika maiki mama mmoja mfupi mwenye miwani, sauti yake ndogo hata ukiwa karibu. Ndiye Khadija. Huwataja waliosalia huko visiwani na waliotangulia mbele ya haki, na jina la babake hulitaja mwisho. Liache lifike hadi nyuma kabisa ya uwanja. Mimi nitakuwa kando ya amplifaya.

Mola akupe vidole vyepesi na masikio mapana, akuepushe na makofi ya sifa yanayokula utu wako, na neno lolote litakalopita mbele yako limfikie mwenyewe likiwa zima. Amina. Haya, washa hiyo mashine nikusikie, na uanze chini.