Sanda Niliyomwonyesha Baba

Alhamisi, tarehe kumi, mwezi wa pili. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika kabla ya adhuhuri, jua likatoka na joto la kunata shingoni.

Ndivyo daftari langu linavyosema, na mwandiko ni wangu, ingawa herufi zimeegemeana kama watu waliochoka. Mwanangu, siku ile siikumbuki kwa kupenda. Naikumbuka kwa sababu niliiandika, na kilichoandikwa hakikubali kupambwa.

Tulikuwa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina, nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Zaliha. Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru, bendera mpya kwenye ofisi zilikuwa bado hazijapauka. Mimi nilikuwa nimeolewa Nosy Be, nikichambua maua ya mlangilangi kabla hayajatiwa mtamboni. Barua ya kunijulisha kwamba baba amepooza upande wa kulia niliipata mwezi wa kumi. Nilifika mwisho wa mwezi wa kwanza. Nalisema mapema, nisije nikajipendelea mbele ya safari.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu, kofia, na mashati ya makarani. Nyumbani tulisema Kimalagasi, kama majirani wote, na maneno utakayoyasoma hapa yalisemwa kwa lugha hiyo. Kiswahili kilikuja na babu yetu, na baba alikitumia kwa mambo matatu: kuhesabu pima za nguo, kuomba dua, na kubembeleza watoto wagonjwa. Mimi alinifundisha kukisoma, nami nikajisifu kwa hilo mbele ya Zaliha tangu utotoni. Makosa utakayoyaona humu ni yangu, si yake.

Ugonjwa ulipompiga ulimi, Kimalagasi kilimtoka chote, kama maji kwenye kikapu. Kikabaki Kiswahili, nacho vipande vipande. Kipande alichokirudia kuliko vyote kilikuwa hiki: "Lamba."

Sasa elewa, mwanangu. Kwa Kimalagasi, lamba ni nguo. Ni kitambaa, ni shuka, ni hata ile nguo anayovikwa maiti. Mshonaji amelala kitandani anasema lamba, nani asingedhani ni neno moja la Kimalagasi lililombakia? Zaliha alimletea shuka, akaisukuma kwa mkono wa kushoto. Alimletea kanzu yake ya Ijumaa, akaisukuma. Katika joto lile mzee alifunikwa nguo juu ya nguo, jasho likimtiririka, na bado, "Lamba. Lamba."

Nami nilishuka melini na maneno mengi kuliko mizigo. Wazee wamesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilianza kuhesabu kunguni siku ya kwanza. Daktari alikuwa amemkataza baba chumvi. Zaliha akampikia chungu chake peke yake, kila siku, miezi mitatu. Mimi nikaonja kijiko kimoja.

"Chakula gani hiki? Hata paka atauliza chumvi iko wapi."

"Ehe!" akasema Zaliha. "Bibi wa Nosy Be amefika. Ananukia langilangi kama bi harusi, hajageuza mgonjwa hata mara moja, lakini kuonja anajua."

Alikuwa na haki. Nilijua ana haki, ndiyo maana nilikasirika.

Katika sanduku la baba, chini ya kofia zake, ilikuwamo sanda. Aliikata mwenyewe kwa mkasi wake alipokuwa mzima, akaikunja na karafuu ndani yake. Wazee wengi wa kwetu walifanya hivyo, si jambo la ajabu. Jumanne asubuhi nikamwambia Zaliha, "Dada, nguo anayoitaka ni ile. Anataka kuiona kama bado ipo."

"Mtu aliye hai haonyeshwi sanda, Echati."

"Wewe Kiswahili chake hukijui. Mimi nakijua."

"Na mimi namjua yeye. Iache sandukuni."

Alinikataza mara mbili. Kisha akaenda sokoni, nami nikafungua sanduku.

Baba aliitazama. Akaupitisha mkono wake mzima kwenye upindo, taratibu, kama anavyofanya fundi anayekagua kazi. Halafu akanitazama mimi, akafumba mdomo. Hakusema lamba tena wala neno lolote. Dawa ya adhuhuri hakuipokea. Uji wa jioni ulimwagika kidevuni. Zaliha aliporudi na kuona sanduku li wazi hakunigombeza, alikaa tu kwenye kizingiti na kikapu chake mapajani. Heri angenigombeza. Jumatano baba hakula wala hakunywa dawa, maji tu ya kulowesha midomo. Daktari alikuja, akasema bila dawa hatamwahidi wiki moja. Nikaelewa kwamba baba atakufa akiamini binti yake amepanda meli kutoka Nosy Be kuja kumwambia muda umekwisha.

Alhamisi, mvua ilipokatika, akaingia Koko Mariamu. Alikuwa bibi wa Kingazija wa nyumba ya tatu, muuza mokari, vile vikate vya mchele na nazi tunavyokula asubuhi. Alimjua baba tangu alipokuwa kijana wa kutia uzi sindanoni. Akamsalimia, hakujibiwa. Akatugeukia.

"Mmemfanya nini?"

Zaliha akainama kumnyooshea baba shuka. Angeweza kunitaja. Nikasema mwenyewe: alikuwa akiomba lamba, tukampa kila nguo, mwisho nikampa sanda, akafumba mdomo.

Koko Mariamu alicheka kwanza, Mungu amrehemu, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Alikuwa akiomba saa ngapi?"

Sikujua. Lakini daftari lilikuwa mfukoni, nikalifungua. Asubuhi, dawa, lamba. Adhuhuri, dawa, lamba. Jioni, dawa, lamba. Siku kumi na mbili nilikuwa nimeandika jibu kwa mkono wangu bila kulisoma.

"Nyinyi watoto wa fundi," akasema, "mna masikio kama sindano, yana tundu moja tu, na mkishapitisha uzi mmoja basi! Mlipokuwa wadogo mna homa, mnalizwa na kwinini chungu, ni nani aliyekuwa akichovya kidole kwenye asali? Mimi nilikuwa nasikia kutoka uani kwangu: lamba mwanangu, lamba. Na leo yeye ndiye anayemeza uchungu, hakuna hata mmoja wenu wa kumlambisha!"

Neno hilo nililijua, mwanangu. Nalijua tangu sijaota meno. Masikio yangu yalilisikia kwa Kimalagasi, na kiburi changu cha Kiswahili kikanizuia kuuliza. Akili nyingi huondoa maarifa, na zangu hazikuwa hata nyingi.

Zaliha alikuwa na asali ya Belobaka kwenye chupa. Nikachovya kidole, nikakipeleka mdomoni kwa baba. "Baba, lamba." Hakufungua. Asali ikanidondokea mkononi.

"Hakuamini," akasema Zaliha. "Kwa nini akuamini?" Akamimina dawa ya baba kijikoni, matone machache, akailamba mwenyewe, uso ukamkunjamana kama wa mtoto. Akanigeukia na mdomo wazi. Mwanamke wa miaka arobaini, mama wa watoto watano! Nikachovya tena, nikamwambia kwa Kiswahili, "Lamba, dada." Akalamba.

Baba alitoa sauti. Zaliha, hadi alipofariki, alisema kilikuwa kicheko. Mimi katika daftari nimeandika "sauti" tu, kwa kuwa sikuwa na hakika. Kisha baba akafungua mdomo. Akameza dawa, akasubiri, nami nikampa kidole chenye asali. Akakilamba, halafu akakiuma. Si sana. Kama alinisamehe au aliniadhibu, sijui, na sikupata wa kumuuliza.

Aliishi hadi mvua za mwaka uliofuata. Sanda tukaitumia ilipofika siku yake, ikiwa bado na harufu ya karafuu. Zaliha alipohadithia habari hii alisema siku zote, "Tulimwonyesha baba sanda." Mimi nimeandika juu ya karatasi hii "niliyomwonyesha", kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Basi nasaha yangu ni hii, na ipime, usiimeze nzima. Mgonjwa wako akikuomba kitu, usikimbilie kumpa unachodhani. Tazama ni saa ngapi, na nini kilitangulia. Ukishindwa, uliza aliyemjua kabla hujazaliwa. Ukifika kwa nduguyo anayemuuguza mzazi wenu, mgeuze mgonjwa kwanza, kuonja chungu kutafuata. Na ukikosea, litaje kosa kwa jina lako, hata nduguyo akiwa tayari kulibeba nawe.

Mungu akupe uzee wenye watu wanaokumbuka maneno yako madogo, na akupe wewe kumbukumbu ya maneno madogo ya wazee wako. Uchungu wako upate mtu wa kuutilia asali. Amina.

Mstari wa mwisho wa siku ile ni huu. Jioni, wali na kamba wa Boanamary, chungu kimoja kwa wote, bila chumvi. Hakuna aliyeuliza chumvi iko wapi.