Ramani ya Kichwa cha Baba

Baba alifundisha Kiswahili Njombe miaka yote ya kazi yake. Nyumbani tulikula tukisahihishwa, na Kibena, lugha ya kwetu, hakutaka tukiongee ndani, ndiyo maana nakijua kwa kuungaunga. Alipopatwa na kiharusi alilazwa Ilembula, akarudi mkono wa kulia ukiwa mzito na Kiswahili kimemtoka chote. Kilichobaki ni Kibena, tena cha ndani kabisa.

Aliyepata taabu zaidi ni mke wangu. Yeye ni wa Makambako, binti wa wafanyabiashara waliohamia kutoka Singida, na Kibena chake kiliishia kwenye "kamwene". Wakishasalimiana, yeye na mkwewe walitazamana tu mpaka chai ikapoa.

Mimi kazi yangu ni kuchora ramani ya gamba la ubongo, lile tabaka la nje lililojikunjakunja. Nachukua picha za vipimo, naweka mipaka: hapa panahusika na kuona, pale na kusogeza mkono. Krismasi nikamfungulia Baba kompyuta, nikamwonyesha ramani yenyewe na rangi zake. Akaikagua, akasema neno kwa Kibena. Mama akacheka hadi akashika mbavu.

"Anauliza Kiswahili chake kiko kwenye rangi ipi, akakichukue."

Nikaeleza kwamba lugha mbili hazigawani viwanja. Hutumia sehemu nyingi kwa pamoja. Tena ramani ile imetokana na vichwa vya watu wengi, cha kwake hakimo. Mama akatafsiri, Baba akajibu.

"Anasema umesoma miaka yote hiyo kuchora nyumba usiyowahi kuingia."

Mke wangu alivuta kigoda karibu naye. Akawa ananyooshea kidole viazi, jiko, paka, na Baba anamtajia. Akikosea matamshi, anarudishwa mwanzo. Likizo ilipokwisha walikuwa wakinisengenya mbele yangu.

Pasaka tuliporudi nilijitupa kitini. "Nimechoka, Mama. Basi limetumia masaa mengi."

"Saa!" Baba akafoka. "Saa nyingi!"

Mama akafunika uso kwa khanga. Mimi nilimshika Baba mkono, machozi yakinilenga. Mke wangu akamwinamia, wakanong'onezana Kibena, wakaangua kicheko. Nikaomba tafsiri.

"Baba amekataza," akasema, akaenda kumpashia uji.